Haya Si Woga: Binti Yetu Mbele ya Meza ya Mwajiri



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili tunalielekeza neno letu kwa mabanati waliomaliza chuo na kwa wazazi wao, hasa kina mama. Tunataka kuzungumzia maonyesho ya ajira, yaani zile siku ambapo waajiri wengi hukusanyika mahali pamoja, kila mmoja na meza yake, ili waonane na wanaotafuta kazi. Na ndani ya maudhui hayo tunataka kukitazama kitu kimoja ambacho huwarudisha mabanati wetu nyumbani mikono mitupu ilhali wamesoma na wana uwezo. Kitu hicho ni woga.

Hali yenyewe inajulikana katika nyumba nyingi za mwambao. Binti ameamka alfajiri, amesali, amevaa buibui lililopigwa pasi usiku, amevuka feri ya Likoni au amepanda matatu kutoka Mtwapa. Au ametoka mbali zaidi, Lamu au Hola, akalala kwa shangazi yake usiku mmoja. Nauli imetoka katika pesa za matumizi ya nyumba. Amefika, ameingia ukumbini, amezizunguka meza zote mara mbili, amepokea mfuko wa karatasi, kalamu mbili na vijitabu kumi. Saa nane amerudi. Mama akimuuliza, “Vipi mwanangu, umezungumza na nani?” hujibu, “Kulikuwa na watu wengi, mama.” Jibu hilo tukilipima vizuri tutaona lina maana moja tu: hakuzungumza na mtu.

Tusimlaumu kwa pupa. Tuanze kwa kuelewa ni kwa nini siku hiyo humtisha, kisha tuone la kufanya.

Kwa nini siku hii hutisha

Usaili wa kazi una utaratibu wake. Mtu huitwa kwa jina, huoneshwa kiti, huulizwa, naye hujibu. Maonyesho ya ajira hayana hayo. Hakuna anayekuita. Wewe ndiye wa kutangulia, mbele ya mtu usiyemjua, huku nyuma yako kuna foleni ya wenzako wanaosikiliza kila unachosema. Dakika ulizonazo ni tatu au nne. Binti aliyelelewa asimkatize mkubwa na asianze mazungumzo na mwanamume mgeni, leo anatakiwa ayafanye yote mawili kwa mpigo mmoja.

Tena kuna jambo la pili ambalo hatulisemi waziwazi. Wengi wa mabanati wetu ni wa kwanza katika familia zao kufika chuo. Nyumbani hakuna mtu aliyewahi kukaa ofisini akawasimulia jinsi watu wa ofisi wanavyozungumza. Binti anapoiona meza ya kampuni kubwa, husikia moyoni mwake ile methali ya wazee kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Hujiambia kwamba kazi zile zina wenyewe, na kwamba kusema kwake na kunyamaza kwake ni mamoja. Fikira hii ni hatari kuliko woga wenyewe, maana woga hupita, lakini aliyekwisha kukata tamaa hajaribu tena.

Na tukumbuke kwamba milango hii haikufunguliwa jana. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor, kilichopata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2013 pamoja na Chuo Kikuu cha Pwani cha Kilifi, kilianza katikati ya karne iliyopita kikiwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la MIOME. Kiliasisiwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi na kazi za maana. Basi binti wa leo anapoisogelea meza ya mwajiri, anaifuata njia ambayo wengine walimkatia zamani.

Haya ni moja, woga ni mwingine

Kosa kubwa linalofanyika katika malezi yetu ni kuyachanganya mambo haya mawili. Haya ni pambo la Muislamu, mwanamume kwa mwanamke. Haya humzuia mtu na lililo baya. Woga humzuia mtu na lililo zuri. Binti anayekataa kuchekacheka na watu asiowajua ana haya. Binti anayeshindwa kulitaja jina lake na fani aliyoisomea haoni haya, bali anaogopa, nasi tusiuite woga huo adabu njema tukamsifu kwao.

Tumtazame Bi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake. Alikuwa mfanyabiashara wa Makka, akiajiri watu na kutuma mali yake hadi Sham, na hakuna aliyempita kwa heshima. Kuzungumza juu ya kazi, masharti na malipo hakukumpunguzia haya yake hata chembe.

Wala kuogopa si dhambi wala si upungufu wa imani. Katika Sura ya Taha twapata habari za Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipoamrishwa kumwendea Firauni. Aliomba apanuliwe kifua, arahisishiwe jambo lake, afunguliwe ulimi wake ili aeleweke, na apewe nduguye Harun awe msaidizi. Tukizingatia, tutaona kwamba alifanya mambo matatu kwa mpango: aliomba, alitafuta wa kumuunga mkono, kisha akaenda. Hakungoja mpaka khofu imtoke ndipo aende. Hayo matatu yanatosha kuwa mwongozo wa binti yetu: dua, msaada, na hatua.

Mwili unapotetemeka

Yafaa binti ajue kinachompata. Mtu anapokabiliwa na jambo zito, mwili humwaga homoni ya adrenalini. Moyo hwenda mbio, viganja hutoa jasho, mdomo hukauka na sauti hutetemeka. Mwili unajiandaa kwa kazi. Dalili hizohizo humpata bibi harusi na mchezaji wa mpira kabla ya fainali, wala hakuna asemaye kuwa hao ni wagonjwa.

Mwaka 2014, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard aitwaye Alison Wood Brooks alichapisha majaribio juu ya jambo hili. Watu waliokuwa karibu kuhutubu, kuimba au kufanya hesabu waliongozwa kuihesabu hali yao ya mwili kwa namna mbalimbali. Waliojiambia kwamba wana shauku walifanya vyema kuliko waliojilazimisha kutulia. Sababu yake inaeleweka. Moyo unaokwenda mbio hauwezi kuamrishwa usimame, lakini mwenyewe aweza kuupa jina jingine. Basi binti asipoteze nguvu zake akijiambia, “Tulia, tulia.” Na ajiambie, “Nimeingojea siku hii, nina hamu nayo.”

Jingine ni dhana ya kuwa kila mtu anamtazama. Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha mwaka 2000 jaribio lao maarufu. Mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji ambayo vijana wangeiona aibu kuivaa, akaingizwa katika chumba chenye wenzake. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo waliiona picha ile. Walioiona kwa hakika walikuwa kama robo tu. Binti anayedhani ukumbi mzima umeona jinsi alivyokwama katika neno la Kiingereza, na ajue kwamba wengi wao wanayawaza maneno yao wenyewe.

Matayarisho huanzia nyumbani

Woga mwingi hutokana na kutojua utasema nini. Kwa hiyo dawa yake kubwa hupatikana juma moja kabla, si ukumbini.

Kwanza, jueni ni waajiri gani watakaokuwapo. Waandaaji hutangaza majina mapema. Binti na achague watano, si thelathini. Asome habari za kila mmoja: wanafanya nini, wana ofisi gani hapa Pwani, wanachukua wanagenzi au wafanyakazi kamili. Mtu asemaye, “Nimesoma kuwa mna idara ya usafirishaji hapa Mombasa,” husikilizwa tofauti na asemaye, “Nyinyi mnafanya kazi gani?”

Pili, aandike wasifukazi wake katika ukurasa mmoja au miwili, na achapishe nakala kumi. Hapa tunataka kusema neno na mabanati wanaodai kwamba hawana tajiriba yoyote. Uliyewafundisha watoto wa madrasa kwa miaka miwili, umesimamia darasa, umetayarisha masomo na umezungumza na wazazi. Uliyeweka hesabu za chama cha kina mama, umeshika fedha za watu na zikatimia. Uliyemsaidia mama kuuza mahamri na viazi karai, ukapokea malipo kwa simu na kujua faida ya kila siku, umefanya biashara. Yaandike hayo kwa ukweli, bila kuyakuza na bila kuyadharau. Katika kisa cha Madyan, yule binti aliyemshauri baba yake amwajiri Musa alitaja sifa mbili tu, nguvu na uaminifu. Hata leo mwajiri huyatafuta hayohayo mawili: je, aiweza kazi, na je, aaminika?

Tatu, atunge maneno ya kujitambulisha yasiyozidi nusu dakika. Yawe na mambo manne: jina, fani, jambo moja alilolifanya, na swali moja. Kwa mfano:

“Assalamu alaykum. Mimi ni fulani binti fulani. Nimehitimu stashahada ya ununuzi na ugavi. Nilifanya mazoezi ya kazi miezi mitatu katika ghala la duka la jumla, nikishika daftari la bidhaa zinazoingia na kutoka. Ningependa kujua kama idara yenu ya ununuzi huchukua wanagenzi, na maombi hufunguliwa wakati gani.”

Hayo yakisemwa kwa Kiswahili fasaha ni sawa, na yakisemwa kwa Kiingereza ni sawa. Tunashauri yatayarishwe kwa lugha zote mbili, kwa kuwa hujui mwajiri ataanza kwa ipi. Kama si Muislamu, salamu ya “habari za asubuhi” inatosha.

Nne, na hili ndilo linaloachwa na wengi, ayaseme kwa sauti. Kuyasoma moyoni hakutoshi, kwa sababu ulimi nao unahitaji mazoezi kama mkono wa mshonaji. Mama na akae nyuma ya meza ya kulia chakula, ajifanye mwajiri, binti aje amsalimu na kujitambulisha. Mara ya kwanza watacheka wote wawili. Mara ya tano hakuna atakayecheka. Siku ya pili na akae mjomba au kaka, ili binti azoee kuzungumza juu ya kazi na mwanamume akiwa salama nyumbani kwao. Mama asiyejua Kiingereza asijione hafai kwa kazi hii. Macho yake yanatosha kumwambia binti, “Umeangalia chini,” au “Umesema mbio mno, sikukuelewa.”

Siku yenyewe

Fikeni mapema. Saa ya kwanza ukumbi una nafasi, na waajiri bado wana nguvu ya kusikiliza. Anayevuka Likoni na ahesabu foleni ya feri. Anayetoka Lamu na afike jana yake. Aliyekimbia njia nzima hufika mezani akihema, na huo hugeuka mlango wa woga.

Anywe maji, ale kitu chepesi. Kabla ya kuingia avute pumzi polepole, aitoe polepole zaidi, mara tano au sita. Hilo humsaidia kupunguza kasi ya moyo na kutuliza sauti.

Asiende kwanza kwa mwajiri anayemtamani sana. Aanze na meza ambayo akikosea haitamuuma, aitumie kufungulia ulimi. Ya pili itakuwa nyepesi, na ya tatu ndiyo iwe ile aliyoikusudia. Tena asingoje meza iwe tupu, maana haitakuwa tupu. Asimame katika foleni, asikilize wanayoulizwa wenzake, naye ajipange.

Kuhusu kupeana mikono, wengi hutuuliza. Asiyependa kumpa mkono mwanamume si lazima aingie katika fadhaa. Njia nyepesi ni kutangulia: kabla ya mwenzio hajaunyosha mkono wake, weka wako kifuani, inamisha kichwa kidogo, tabasamu na useme jina lako. Waajiri wa Pwani wameizoea salamu hii, na hata mgeni huielewa anapoona ukunjufu wa uso. Kinachomkera mtu ni kuona mwenzake amerudi nyuma kwa hofu bila ya neno. Na anayevaa nikabu, sauti yake ndiyo uso wake siku hiyo. Na aseme kwa utulivu, kwa sauti ya kusikika, na jina lake lionekane wazi katika karatasi zake.

Ulimi ukikwama, usikimbie. Sema, “Samahani, naomba nianze tena,” kisha anza tena. Wale walioketi nyuma ya meza wamewahi kusimama mbele yake. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui na kwamba ungependa kujifunza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wala mwajiri hatazamii kijana wa miaka 22 ajue yote.

Kabla ya kuondoka mezani, uliza mambo mawili: hatua inayofuata ni ipi, na je, naweza kupata jina na anwani ya mtu wa kumwandikia? Kisha sogea kando, uandike katika daftari uliyoambiwa. Ukizungumza na watu watano bila kuandika, jioni utawachanganya wote.

Adhuhuri huingia katikati ya shughuli. Uliza mapema mahali pa kusalia, na mwende wawili. Sala haipunguzi nafasi ya mtu. Wengi wameona kwamba dakika zile kumi za kutawadha na kusujudu ndizo zilizowarudishia utulivu wakaweza kuendelea na meza za mchana.

Neno kwa anayemsindikiza. Mama, au kaka, kumsindikiza binti ni jambo jema, na huenda kukampa moyo. Lakini ukifika mlangoni, kaa kando. Binti anayesemewa na mamake mbele ya mwajiri huonekana mtoto, hata akiwa na shahada mbili. Bora zaidi ni waende mabanati wawili marafiki, waingie pamoja, waachane mezani, wakutane kila baada ya saa moja waambiane walichokipata. Huyo rafiki ndiye Harun wake kwa siku hiyo.

Haki za kujua kabla ya kuondoka nyumbani

Ujuzi wa haki nao huondoa woga. Binti anayedhani buibui lake litamfungia mlango huingia akiwa amekwisha kushindwa. Na ajue kwamba Kifungu cha 27 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwamo dini, jinsia, hali ya ndoa, ujauzito na mavazi. Mavazi yametajwa kwa jina lake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo, katika kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua mwenye kutafuta kazi kwa sababu ya dini, jinsia, ujauzito au hali ya ndoa. Hatusemi kuwa ubaguzi haupo. Tunasema kwamba anayebagua ndiye mwenye kosa, si aliyevaa.

Tena wengi huacha kwenda kwa kuwa hawana vile vyeti vya idhini, kama cha polisi, cha Mamlaka ya Ushuru, cha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu au cha Tume ya Maadili. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa mwajiri hapaswi kumtaka mtu vyeti hivyo mpaka awe amekusudia kumwajiri kwa mkataba. Basi usitumie akiba ya nyumba kuvikusanya kabla hujaulizwa, wala kuvikosa kusiwe sababu ya kubaki nyumbani.

Na kuna pa kutahadhari. Ambaye woga umemzidi hupesi kushukuru kwa lolote aliloahidiwa, na wapo wanaolijua hilo. Mwajiri wa haki hadai ada ya fomu, ada ya usaili wala ada ya sare pale mezani. Ukidaiwa pesa, ondoka. Usiache kitambulisho chako cha taifa, na usitoe nakala yake ovyo. Wasifukazi unatosha kwa siku ya kwanza. Nambari za siri za simu na benki haziulizwi na mwajiri yeyote.

Zaidi ya yote, kuweni macho na meza za mawakala wa kazi za Ughaibuni, hasa nchi za Ghuba, ambako mabanati wengi wa Pwani huitwa kwa kazi za nyumbani. Kazi zenyewe zipo, na wapo waliokwenda wakarudi na kheri. Lakini wakala lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usajili wake huweza kuthibitishwa na mamlaka hiyo kabla ya mtu kutia sahihi chochote. Mkataba usomwe nyumbani, mbele ya wazee, kwa lugha inayoeleweka. Wakala anayesema “tia sahihi sasa au nafasi itapotea” amekwisha kujitambulisha.

Baada ya maonyesho

Yule binti aliyezungumza na watu watatu hakurudi mikono mitupu hata kama hakuahidiwa kazi. Siku ya pili, asubuhi, na awaandikie wale aliopewa anwani zao. Mistari minne inatosha: kushukuru, kukumbusha walichozungumza, kuambatisha wasifukazi, na kuuliza hatua inayofuata. Wengi hawafanyi hivi, na ndiyo maana anayefanya hukumbukwa.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika mwaka 1973 juu ya watu waliopata kazi kwa kupitia mtu. Aligundua kuwa wengi wao hawakuipata kwa jamaa au rafiki wa karibu, bali kwa mtu waliyeonana naye mara chache. Sababu ni kwamba watu wa nyumbani kwako wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Aliye mbali ndiye mwenye habari mpya. Kwa familia isiyo na mtu wake ofisini, hili ni jambo kubwa sana. Kila mtu ambaye binti amemsalimu ukumbini na akakumbukwa naye ni dirisha moja limefunguka katika nyumba hiyo. Dau la mnyonge nalo huenda joshi, lakini kwanza lazima tanga lipandishwe.

Akikataliwa, akataliwe kwa siku moja. Ayapitie yaliyotokea: ni swali gani lilimshinda, ni meza gani ilikwenda vizuri. Kisha atazame tarehe ya maonyesho mengine. Woga haung’oki kwa mara moja. Hupungua kila mtu anapoukabili, na hukua kila anapoukimbia.

Neno la mwisho kwa wazazi

Wazee wetu walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii ni ya kweli vitani na katika bahari iliyochafuka. Katika kutafuta riziki ya halali, mambo hugeuka. Nyumba ya mwoga huzidiwa na ukimya, na binti huanza kuamini kuwa elimu yake haikuwa na faida.

Basi binti akirudi kutoka maonyesho, tumbadilishie swali. Tusimuulize, “Umepata kazi?” Swali hilo lina jibu moja tu siku hiyo, nalo ni hapana, na akilijibu mara tatu hataki tena kwenda. Tumuulize, “Umezungumza na wangapi?” Akisema mmoja, tumpongeze kwa huyo mmoja na tumwombee wawili. Na wale wadogo walio bado shule za msingi, tuwaanze sasa. Tuwape nafasi ya kumpokea mgeni, kumweleza daktari wenyewe wanapoumwa, kwenda dukani na kuuliza bei, na kusoma mbele ya watu siku ya maulidi ya madrasa. Sauti hujengwa utotoni, kidogo kidogo. Haifai tuinyamazishe miaka 20 kisha tuidai kwa siku moja.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awakunjulie vifua mabanati wetu na vijana wetu wote, awafungue ndimi zao kwa lililo la kweli, na awajaalie kazi za halali zenye baraka. Tukutane juma lijalo inshallah.

Wabillahi tawfiq.